Filimbi ya bati si saksofoni ya maskini

Ndugu na dada wa ukurasa huu, kila tukiongea mziki tunarudia majina yale yale: Franco, Tabu Ley, Koffi, Fally. Gitari, sauti, sebene. Leo ninaomba mnisikilize kidogo juu ya watu waliopuliza kachuma kadogo kenye matundu sita. Niko na wanne ninaowapenda sana, na niko na ugomvi na namna watu wanavyowasifu. Kila mara utasikia: walikuwa maskini, hawakuwa na pesa ya saksofoni, njo maana walipuliza filimbi. Sifa hiyo inaonekana nzuri, kumbe inawapunguza. Ni kama kusema walikuwa wanangojea kitu kingine.

Tuanze na chombo chenyewe. Ninaongea juu ya filimbi ya bati ya kupigia nyimbo, si ile ya muamuzi wa mpira. Mwingereza Robert Clarke alianza kuitengeneza mwaka 1843, na toka zamani bei yake ilikuwa ndogo. Mdomo wake umeshapangwa na fundi: hewa inapita katika kijia chembamba, inakatwa kwenye ukingo wa bati, sauti inatoka. Hata mtoto anaipata siku ya kwanza. Na shida iko hapo hapo. Juu sauti inatoka yenyewe, midomo haina kazi. Ukipuliza kwa nguvu, inarukia juu. Ukipuliza polepole, inashuka na kulia kama mgonjwa. Sasa mpigaji mzuri ni nani? Mimi ninajibu: ni yule anayetafuta kazi ya kufanya mahali fundi alifikiri kazi imekwisha.

Wa kwanza ni Spokes Mashiyane wa Afrika Kusini, aliyezaliwa 1933 na kufa 1972. Yeye na vijana wenzake wa Johannesburg, katika mziki wa kwela wa miaka ya 1950, hawakushika filimbi vile kiwanda kilitaka. Waliingiza kichwa chake ndani ya mdomo na kukigeuza upande. Hapo midomo ikapata kazi. Sauti ikawa nene, noti zikaanza kuteleza, na pumzi ikasikika. Sikilizeni "Ace Blues" mtanielewa: ile bati inaongea kama mtu mwenye koo.

Lakini mwaka 1958 Spokes alirekodi "Big Joe Special" kwa saksofoni. Iliuzwa sana, wengine wakamfuata, na kwa miaka michache tu filimbi ikasukumwa pembeni. Wengi wanaita hiyo maendeleo. Mimi nikisikiliza, ninasikia kitu kingine: kwenye saksofoni ni mpigaji mzuri kati ya wazuri wengine, kwenye filimbi unamtambua mbele hajamaliza sentensi ya kwanza. Alipata soko, na simlaumu, mtu anakula. Ila tusichanganye soko na sikio.

Najua mtu ataniletea mfano wa chukudu. Atasema: angalia wale wanaoshusha makabichi na viazi toka Kibumba mpaka Goma, wakipata lori leo wataacha chukudu leo hii. Ni kweli, na hata ile sanamu ya chukudu ya dhahabu pale mjini haitawazuia. Lakini kabichi ikifika kwa lori au kwa chukudu, ni kabichi ile ile. Wimbo si hivyo. Ukibadilisha chombo, kinachofika sokoni ni kitu kingine. Umaskini unaeleza kwa nini kijana wa Johannesburg alinunua filimbi. Hauelezi kwa nini aliigeuza mdomoni.

Wa pili ni Jack Lerole. Yeye na ndugu yake Elias walikuwa katika kundi lililopiga "Tom Hark", wimbo uliofika nafasi ya pili Uingereza mwaka 1958. Mwanzoni unasikia vijana wanacheza kamari barabarani, polisi wanakaribia, halafu filimbi zinaingia kama vile hakukuwa na kitu. Kile kicheko kilikuwa kinaficha woga wa kila siku chini ya apartheid. Ninachopenda pale ni filimbi kupigwa kwa pamoja: hakuna anayejionyesha, wote wanaenda hatua moja. Lakini mtungaji aliyeandikwa ni Rupert Bopape, aliyesimamia kurekodi. Dunia iliimba wimbo miaka mingi bila kuwajua waliopuliza. Ukikiita chombo cha watoto wa barabarani, ni rahisi pia kuona mwenye kukipiga hastahili jina.

Wa tatu, na ndiye ninayemweka juu kabisa, ni Donald Kachamba wa Malawi, 1953 mpaka 2001. Wazazi waliwalea yeye na kaka yake Daniel kwa muda kule Salisbury, ambayo leo ni Harare, na huko ndiko walishika kwela. Daniel alipiga gitari, Donald filimbi. Kwela inazunguka juu ya akodi chache zinazorudi bila kuchoka, na mpigaji mvivu anarudi nazo. Donald anachukua kipande kifupi, anakirudia, halafu anachelewesha noti moja. Mara nyingine anaondoa noti uliyokuwa unaingoja. Unabaki umeegemea ukuta ambao haupo. Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria alianza kuwarekodi ndugu hao 1967, na baadaye akapiga klarineti pamoja nao. Kwa hiyo huyu tuko na jina lake, sauti yake na miaka yake.

Wa nne anatoka mbali: Micho Russell wa Doolin, Ireland, 1915 mpaka 1994, mkulima mdogo. Huko wanashika filimbi moja kwa moja, kwa hiyo kazi yote inahamia kwenye vidole. Mary Bergin, katika plake yake "Feadóga Stáin" ya 1979, anaonyesha vidole vinaweza kufika wapi, na hakuna anayebisha. Lakini Russell anapiga mapambo machache tu, polepole, kama mtu anayehesabu mbegu zake. Anajua kuacha. Kwa wasanii wetu wa leo, kuacha ndiyo kazi ngumu zaidi.

Sasa turudi huku Kibumba. Wachungaji wa milima ya Virunga wako na umwironge, filimbi inayokatwa katika shina la intomvu, ile ambayo sisi wa agronomia tunaiandika *Lobelia gibberoa*. Haina kijia kilichotayarishwa. Midomo njo inaongoza upepo, na unaweza kukaa siku nyingi ukipata hewa tupu. Kile Mashiyane alitafuta kwa kugeuza bati, mchungaji wetu anaanza nacho. Wanande wa Beni na Lubero, na ndugu zao Bakonzo wa Rwenzori, wako na eluma: kila mtu anashika filimbi ya noti moja tu, na wimbo unapatikana watu wakipokezana. Huko mpigaji mzuri hapimwi kwa wingi wa noti. Anapimwa kwa kuingia saa yake.

Hawa wa kwetu siwezi kuwapanga katika orodha yangu, na sababu si ubora. Orodha inataka majina, na wao tunawaita "mchungaji fulani". Vita vimewatawanya watu na ng'ombe mara nyingi, na katika studio nyingi filimbi inatoka kwa kufinya kitufe cha piano. Kitufe hakipumui. Hakijui kuchelewa.

Orodha yangu basi: Kachamba, Mashiyane, Russell, Lerole. Wekeni ya kwenu hapa chini. Na kama kwenu kuko mzee anayepuliza umwironge au nyamulera, kwanza mumuulize kama anakubali, halafu mtuletee sauti pamoja na jina lake kamili. Nafasi ya tano nimeiacha wazi.