Injini Iliyolala: Jinsi Subaru Ilivyolijenga Gari Kuanzia Injini

Tangu mwaka 1966, kampuni ya Subaru ya Japani imeng'ang'ania aina ya injini ambayo watengenezaji wengi wa magari wameiepuka. Katika injini nyingi za kawaida, silinda nne husimama kwenye mstari mmoja, na pistoni hupanda na kushuka. Katika injini ya Subaru, iitwayo boksa, silinda zimelazwa, mbili kushoto na mbili kulia, na krankshafti inapita katikati. Pistoni mbili zinazokabiliana husukumwa nje kwa wakati mmoja na kurudi ndani kwa wakati mmoja, hivyo kila moja hufuta mtikisiko wa mwenzake. Ulazaji huo ndio uliopanga mahali pa giaboksi, mahali pa difu na namna gari linavyoshika barabara.

Kampuni hii ilianzia kwenye ndege. Chikuhei Nakajima alianzisha kituo cha utafiti wa ndege mwaka 1917 katika mji wa Ota, mkoani Gunma, na kazi hiyo ikakua hadi kuwa moja ya kampuni kubwa za ndege nchini Japani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walikatazwa kutengeneza ndege na kampuni ikavunjwa vipande. Mwaka 1953 baadhi ya vipande hivyo viliunda Fuji Heavy Industries, na magari yake yakapewa jina la Subaru na nembo ya nyota za Kilimia. Jina la kampuni yenyewe lilibadilishwa kuwa Subaru mwaka 2017.

Mhandisi Shinroku Momose, aliyekuwa ameshughulikia injini za ndege kwa Nakajima, ndiye aliyeongoza kazi ya Subaru 360, gari dogo lililotoka mwaka 1958 likiwa na injini ya silinda mbili nyuma. Alipopewa kazi ya kubuni gari kubwa zaidi, alitaka magurudumu ya mbele yavute na abiria wapate nafasi ya kutosha. Injini iliyolala ilifaa kwa sababu ni fupi kutoka mbele kwenda nyuma, hivyo iliweza kukaa mbele ya ekseli, giaboksi ikafuata nyuma yake katika mstari huohuo, na difu ikawekwa ndani ya giaboksi. Shafti mbili zinazokwenda kwenye magurudumu ya mbele zilipata urefu sawa. Kikwazo kilikuwa viungo vya shafti hizo, ambavyo vinapaswa kuzunguka bila kukwama huku gurudumu likipanda, likishuka na kukata kona. Kampuni ilishirikiana na watengenezaji wa beringi kubuni kiungo kipya kinachoruhusu shafti kurefuka na kufupika kidogo. Matokeo yalikuwa Subaru 1000 ya mwaka 1966, yenye injini ya sentimita za ujazo 977.

Faida kubwa zaidi ya mpangilio huo ilionekana miaka michache baadaye. Kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake kwenye nyaya za milimani wakati wa theluji, lenye starehe kuliko jipu. Wakala wa Subaru katika mkoa wa Miyagi alichukua gari la mizigo la ff-1 1300G na kulifunga difu ya nyuma ya Nissan Bluebird. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu giaboksi tayari ilikuwa imeelekea nyuma, hivyo ilitosha kurefusha mwendo wake kwa shafti hadi ekseli ya nyuma. Kwenye gari lenye injini iliyokingamishwa, nguvu ingepaswa kwanza kugeuzwa pembe. Mwaka 1971 gari hilo lilionyeshwa Tokyo, na mwaka 1972 Leone ya magurudumu manne ikaingia sokoni.

Mwaka 1989 ilikuja Legacy na familia mpya ya injini, EJ. Injini ya EJ20 ina silinda zenye kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75 tu. Mwendo ni mfupi kwa sababu kila milimita inayoongezwa huipanua injini kuelekea magurudumuni. Impreza ilifuata mwaka 1992 na Forester mwaka 1997. Katika mengi ya magari hayo yenye gia za mkono, difu ya katikati ina kifaa chenye sahani nyembamba ndani ya mafuta mazito ya silikoni. Magurudumu ya mbele yakiteleza na kuzunguka kasi kuliko ya nyuma, mafuta hayo huzishika sahani na nguvu huhamia upande wenye mshiko. Hilo ni msaada mkubwa wakati wa mvua kwenye njia za murram kama za Kasese, nchini Uganda, kuelekea vijiji vya wavuvi kama Hamukungu kando ya Ziwa George. Lakini kifaa hicho kinataka matairi manne yanayolingana. Tairi moja jipya likichanganywa na matatu yaliyolika, difu ya katikati hufanya kazi bila kupumzika hata kwenye lami, na mwishowe huungua.

Afrika Mashariki ilikuwa imezijua injini zilizolala kabla ya Subaru. Tommy Fjastad alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1962 kwa Volkswagen, gari lenye injini ya boksa inayopozwa kwa hewa. Mwaka 1990 Mkenya Patrick Njiru alimaliza Safari katika nafasi ya nane kwa Legacy ya Kundi N, yaani gari lisilobadilishwa sana kutoka lile la dukani, na lilikuwa la kwanza la kundi hilo kuimaliza. Mwaka 1994 alikuwa wa nne kwa Impreza. Colin McRae alishinda kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Kwenye viwanja vya lami mambo yalikuwa tofauti: mwaka 1990 injini ya silinda 12 zilizolala, iliyobeba jina la Subaru katika Formula 1, haikuliwezesha gari la Coloni kufuzu hata mara moja.

Gharama ya ulazaji huu hulipwa gereji. Plagi zimetazama ubavuni, karibu na chuma cha bodi, hivyo fundi huondoa betri upande mmoja na boksi la chujio la hewa upande wa pili ndipo mkono upite. Silinda hedi ni mbili, hivyo gasketi zake pia ni mbili. Katika EJ25 ya lita 2.5, gasketi hizo zilijulikana kwa kuvuja, na dalili yake ya kawaida ni maji ya rejeta kupungua au injini kuchemka. Oili inayopenya kwenye vifuniko vya valvu hudondokea bomba la moshi lililo chini, ndiyo maana gari likisimama husikika harufu ya oili iliyoungua. Mkanda wa taimingi hubadilishwa karibu kila kilomita 100,000. Katika nyingi ya injini hizi ukikatika, valvu hugonga pistoni.

Familia ya FB iliyoanza mwaka 2010 ilirekebisha baadhi ya kasoro hizo. Mnyororo ulichukua nafasi ya mkanda, na katika FB20 kipenyo kilipunguzwa hadi milimita 84 huku mwendo wa pistoni ukiongezwa hadi milimita 90, ili mafuta yaungue vizuri zaidi. Mpangilio wa injini mbele, giaboksi nyuma yake na shafti iliyonyooka hadi ekseli ya nyuma haukuguswa. Gari mojawapo lililouacha ni Solterra ya umeme, iliyotengenezwa pamoja na Toyota na kuanza kuuzwa mwaka 2022: haina injini ya kulaza wala shafti ya kupita katikati, na katika toleo la magurudumu manne, mota moja ya mbele na nyingine ya nyuma ndizo zinazogawana kazi.