Majirani Ndani ya Kioo

Kutoka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 za barabara ya malori. Anayetaka tangi la samaki wa baharini hapa mpakani atachanganya chumvi maalumu kwa kipimo wiki baada ya wiki. Lakini ufundi wenyewe, wa kujua nani akae na nani, mtu anaweza kujifunza kwa maziwa ya jirani. Mkoa wetu wa Songwe uko kati ya Nyasa, Rukwa na Tanganyika, na maji ya Tanganyika ni magumu, yenye pH inayokaribia 9, kuzidi hata ya bahari.

Anayeanza huchagua rangi. Fundi huchagua makazi. Hulipanga tangi kama mwenye nyumba ya kupangisha anayejua kwamba wapangaji hugombana zaidi wanapotaka chumba kimoja.

Chukua tangi la lita 100. Chini mwaga mchanga laini, na upande mmoja tandaza maganda matupu ya konokono. Hapo ndipo pa Lamprologus ocellatus, samaki mfupi kuliko kidole. Mtazame akihamia. Huchimba kwa mdomo chini ya ganda hadi lididimie, huligeuza tundu lielekee juu, kisha hulifukia kwa mchanga mpaka libaki tundu peke yake. Ukilisogeza kesho yake, ataanza upya bila kuchoka.

Upande wa pili panga mawe yenye nyufa kwa ajili ya jozi moja ya Julidochromis ornatus. Hawa huogelea tumbo likiwa limeelekea jiwe, hata ikibidi wapinduke. Kati ya mawe na maganda acha mchanga mtupu. Uwazi huo ndio mpaka, na fundi hashawishiki kuujaza.

Kazi ngumu zaidi ni kukataa. Neolamprologus brichardi ana mapezi marefu ya kupendeza. Jina lake linamuenzi Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Burundi. Lakini jozi yake ikizaa, watoto wakubwa hubaki nyumbani kulinda wadogo zao, na ukoo huo ukishakua huwabana wengine wote pembeni. Tropheus naye hula mwani, utumbo wake ni mrefu, na chakula chenye nyama nyingi humvimbisha tumbo na kumuua. Mbuna wa Nyasa hupigania mawe kwa ukali unaohitaji tangi kubwa zaidi. Wote ni samaki wazuri, ila si kwa lita 100.

Hata waliokubaliwa hawaingii siku hiyo hiyo. Tangi huachwa wiki nne hadi sita ili bakteria wazoee kazi ya kugeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Mwenye pupa huua samaki hapa kabla hawajagombana. Mawe nayo hupimwa: dondosha siki juu yake, likitoa povu lina chokaa, na chokaa husaidia maji yabaki magumu. Katika bonde la Mto Songwe unaoelekea Rukwa chokaa hiyo ipo, imeachwa na chemchemi za maji moto. Baridi ya Juni na Julai hudai hita ya kuweka nyuzi 25 hivi, na blanketi la kufunika kioo umeme ukikatika.

Maji yakikaa sawa, wa maganda huingia kwanza, maana ndio wanyonge. Wakishajichimbia kwao ndipo jozi ya mawe ifuate. Mgeni akitazama atauliza kwa nini tangi lina samaki wachache hivyo. Ni swali zuri kwa fundi, kwa sababu linaonyesha kwamba hakuna anayefukuzwa, hakuna aliyejibanza kwenye kona ya hita akiwa na mapezi yaliyochanika, na kila mmoja anaonekana akifanya kazi aliyozaliwa nayo.