Maji Yasiyo na Njaa Wala Shibe

Ukikaribishwa kuona tangi la matumbawe nyumbani kwa mtu, usianze na samaki. Samaki hupendeza hata kwenye maji mabovu. Inama mpaka macho yalingane na kioo cha mbele, kisha umuulize mwenyewe: kioo hiki kimefutwa lini?

Jibu lake, pamoja na utakachokiona, ndiyo habari yako ya kwanza ya fosfeti, kirutubisho kinacholisha mwani na matumbawe. Kwenye tangi dogo lililotunzwa vizuri, la lita 40 hadi 100, kioo huanza kushika vumbi jepesi la kijani au la kahawia siku ya tatu au ya nne, na ukipitisha kitambaa linaondoka bila kusuguliwa. Likirudi zito kesho yake tu, maji yameshiba kupita kiasi. Na ukiambiwa kioo hakijaguswa wiki mbili ilhali kinang'aa kama kimetoka dukani, hapo mimi hushtuka zaidi. Maji hayo yana njaa, na wenye njaa humo ndani si mwani peke yake.

Wengi wanaoanza kazi hii hufundishwa kuiogopa fosfeti, na hofu hiyo ina asili yake. Kwenye mwamba wa kweli, mbali na midomo ya mito na maji taka, fosfeti mara nyingi haifiki miligramu 0.02 kwa lita. Ikizidi sana ndani ya tangi, mwani wa nywele huota juu ya mawe, na tumbawe hujenga mfupa wake kwa shida, kwa kuwa fosfeti hujibandika kwenye fuwele za chokaa zinapoanza kukua na kuzizuia. Lakini baharini chakula hakikatiki. Mkondo unaleta vijidudu vya majini usiku na mchana, na tumbawe hupata fosforasi yake kwa mdomo. Kwenye tangi la lita 60 sebuleni hakuna mkondo huo. Ukiinyonya fosfeti yote majini, tumbawe halina chungu kingine cha kula.

Sisi tuliokulia pwani, tuliozoea kutembea mwambani maji yakipwa wakati wa bamvua, tumebeba kipimo machoni bila kujua. Tumbawe zima lililo hai kwa sehemu kubwa lina rangi nzito: kahawia ya asali, haradali, kijani cha zeituni, na zambarau au buluu kwenye ncha. Kwa hiyo nikiona tangi ambalo kila tumbawe lina rangi ya peremende, waridi hafifu na manjano hafifu, sisifu upesi. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi vijimwani vidogo mno, zooksanthela, vinavyolilisha sukari kutokana na mwanga. Virutubisho vikizidi, vijimwani hivyo huzaana mpaka rangi nyingine zote zikafunikwa, na tumbawe hugeuka kahawia tupu kama kahawa. Virutubisho vikikosekana, vijimwani hupungua, nyama inakuwa nyepesi, na mfupa mweupe huanza kuonekana kwa chini. Rangi ya peremende mara nyingi ni hatua ya kuelekea huko.

Sogea karibu zaidi. Chukua tumbawe la Montipora, lile linalotanda kama sahani, na utazame ukingo wake. Tumbawe linalokua lina utepe mweupe kwenye ukingo, upana wa milimita moja au mbili, laini, uliovimba kidogo, na ukiutazama kwa pembeni utaona umefunikwa na ngozi. Huo ni mfupa mpya wenye ngozi ambayo vijimwani bado havijaihamia. Weupe wa kifo ni tofauti. Hauna ngozi, una vishimo vitupu, mpaka wake na nyama iliyo hai umekatika kama karatasi iliyochanwa, na baada ya siku mbili au tatu umeshashika vumbi la kijani. Mtu akiweza kutofautisha weupe wa aina hizi mbili kwa mbali, ujue amekaa mbele ya tangi saa nyingi.

Mimi nilijifunza tofauti hiyo kwa hasara. Mwaka wangu wa pili kipimo kilisoma 0.25, nikaingiwa na hofu. Nikatia kwenye chujio chembe za oksidi ya chuma, zile nyekundu kama kutu, kiasi kinachofaa tangi mara tatu ya langu. Siku ya tatu namba ilikuwa karibu na sifuri, nami nikafurahi. Siku ya saba ngozi ya Montipora niliyoilea tangu ikiwa kipande cha ukubwa wa kucha ilianza kunyofoka kutoka chini. Weupe ukapanda siku hadi siku kama unyevu unavyopanda ukutani, na wiki ya pili ulibaki mfupa. Kisha juu ya mchanga ukatanda utando wa kahawia, wa kamasi, wenye vipovu: dinoflajeleti, viumbe wanaopenda kujaa pale ambapo washindani wao wamekufa njaa. Ilinichukua miezi minne kuwaondoa. Tumbawe lile lilikuwa limeishi na 0.25 na kukua. Lililoliua ni kuporomoka kwa siku tatu.

Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wakiongozwa na Jörg Wiedenmann, walichapisha mwaka 2013 utafiti ulionipa maneno ya jambo nililoliona sebuleni. Matumbawe yaliyopewa nitreti nyingi huku fosfeti ikiwa adimu yalikuwa mepesi zaidi kupauka joto na mwanga vilipoongezeka. Kwa hiyo mwenye tangi akikuambia nitreti ni 20 na fosfeti ni sifuri, usimpongeze kwa hiyo sifuri. Alfred Redfield, mwaka 1934, aliandika juu ya uwiano wa virutubisho baharini, na leo uwiano huo hutajwa kuwa atomi 16 za nitrojeni kwa moja ya fosforasi. Kwa uzito wa nitreti na fosfeti ni kama 10 kwa 1. Sikusudii uufuate uwiano huo kwa rula, matangi mazuri hutofautiana sana. Ila kimoja kikiwa tele na kingine hakipo, kuna jambo la kutazamwa.

Basi tuje kwenye namba yenyewe. Vipimo karibu vyote vya nyumbani hutumia kemia ya J. Murphy na J. P. Riley ya mwaka 1962: fosfeti hukutana na molibdeti, vitamini C ikasaidia, na maji yakageuka buluu. Buluu ikikolea, fosfeti ni nyingi. Jicho la mtu haliwezi kutofautisha buluu hafifu na buluu hafifu zaidi, hivyo kadi za rangi sizitegemei chini ya 0.1. Kipimo kidogo cha kampuni ya Hanna kinachosoma fosforasi kwa sehemu za bilioni ni bora, mradi ujue kukisoma. Zidisha namba yake kwa 3.066 kisha ugawe kwa 1,000, upate miligramu za fosfeti kwa lita. Kikisema 16, una karibu 0.05. Na kumbuka kina kosa la 5 juu au chini, hata kabla ya kuongeza asilimia 5 ya namba yenyewe: anayekimbilia dukani kwa sababu namba imetoka 13 ikawa 17 anafukuza kivuli.

Mtazame mtu anavyopima. Kichupa huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe, hujazwa mililita 10 sawasawa, na hufutwa kwa kitambaa laini kisicho na vumbi, kwa sababu alama ya kidole kwenye kioo husomwa kama fosfeti. Kichupa kile kile hutumika kwa sifuri na kwa kipimo, kikielekezwa upande ule ule. Unga wa kipimo humiminwa wote, mpaka mfuko upigwepigwe kwa kucha, kisha hutikiswa taratibu dakika mbili nzima kwa kutazama saa, bila kuruhusu vipovu vishike ukutani. Mtu anayetikisa huku anazungumza na simu, namba yake naiweka pembeni.

Kuna kijana wa mtaani kwetu aliyenikaribisha nyumbani kwao akiwa na furaha kubwa. Alikuwa amepima kabla sijafika.

"Mjomba, tazama. Sifuri tupu."

Mawe yake yalikuwa yameota mwani wa nywele mrefu wa kijani, ukiyumba na pampu. Nikamwomba ang'oe fumba moja na kuliweka kiganjani.

"Fosfeti yako hiyo hapo, mwanangu. Umeishika."

Kipimo husoma fosfeti iliyo huru majini tu. Iliyokwisha kuliwa na mwani, iliyo ndani ya chakula kilichozama nyuma ya jiwe, na iliyojificha kwenye jiwe lenyewe haionekani. Hili la jiwe ndilo linalowashinda wengi. Mawe ya chokaa na mchanga hushika fosfeti maji yakiwa nayo nyingi, na huirudisha maji yakipungukiwa. Ukibadilisha maji asilimia 10 kwenye tangi lenye 0.20, kwa hesabu unapata 0.18, na baada ya siku chache jiwe limelipa pengo hilo. Ndiyo maana tangi lililolishwa ovyo mwaka mzima halisafishiki kwa wiki moja. Mawe ya mtumba, hasa, yasiingie tangini kwa imani. Yaloweke kwenye ndoo ya maji mapya ya chumvi yenye pampu siku tano, upime. Mimi niliwahi kupata zaidi ya 1 kwenye ndoo ambayo mawe yake yalionekana safi kabisa.

Mlango wa kuingilia ni chakula. Fanya hesabu hii: chakula kikavu chenye asilimia 1 ya fosforasi, gramu 0.1 tu, kina miligramu 1 ya fosforasi, yaani kama miligramu 3 za fosfeti. Kwenye lita 60 hiyo ni 0.05 kwa lita, mfinyo mmoja wa vidole. Kamba wadogo walioganda huyeyushwa kwenye chujio la chai, na maji yao humwagwa. Maji ya bomba yasiyochujwa kwa osmosisi ya kinyume ni mlango mwingine, na maji ya ufukweni karibu na mlango wa hori baada ya mvua ni wa tatu.

Kwa kupunguza, napenda mwani wa Chaetomorpha kwenye chumba cha nyuma chenye taa yake, kwa sababu unaichota fosfeti kwa mkono na kuiona. Chembe za oksidi ya chuma zinafaa, ukianza na robo ya kipimo kilichoandikwa. Kloridi ya lanthani ina nguvu mno kwa tangi dogo, na ukungu wake usipochujwa unaweza kudhuru matamvua ya samaki. Kwa vyovyote, sishushi zaidi ya 0.02 kwa wiki. Na fosfeti ikikosekana, naongeza chakula kwanza.

Mwishowe omba daftari la vipimo. Mwenye 0.06, 0.07, 0.05, 0.06 kwa miezi mitatu amenizidi mimi katika miaka yangu mingi ya mwanzo. Mwenye 0.12 isiyoyumba namweka juu ya yule mwenye 0.02, kisha 0.18, kisha 0.00, hata kama wastani wa huyu wa pili unapendeza. Lengo langu mimi ni kati ya 0.03 na 0.10.

Vyote vikikubaliana, kioo, ukingo wa Montipora, mawe na daftari, ninaomba kipande. Matumbawe ya mawe yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na biashara yake ya kimataifa hudhibitiwa kwa vibali, hivyo wapenzi hukatiana matawi yaliyokulia matangini. Mwenye tangi akichukua koleo papo hapo, nashukuru. Akisema, "Nisubiri wiki tatu, nililikata mwezi uliopita, ncha bado haijarudi," nakaa chini na kuomba chai, maana nina mengi ya kumuuliza.