Wapagazi wa Lugalo katika Tenzi Zetu

Miongoni mwa vita ambavyo washairi wetu hupenda kuvitungia, vita vya Lugalo vina heshima yake. Jina lenyewe limepewa kambi ya jeshi mjini Dar es Salaam, na watoto hulisikia tangu shule ya msingi. Hata hivyo tenzi nyingi tulizozisoma juu ya siku ile, na ule wetu ukiwamo, zina kasoro moja ambayo sisi hatukuitambua mpaka tuliposahihishwa hapa Tibirinzi, kisiwani Pemba, mbali kabisa na Uhehe.

Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wadachi, kikiongozwa na Emil von Zelewski, kilikuwa kikipita Lugalo, mashariki ya Iringa, baada ya kuchoma vijiji njiani. Wahehe wa Mtwa Mkwawa walijificha nyuma ya mawe na vichaka, wakaiacha safu ile ndefu iingie mtegoni, kisha wakawatokea kwa mikuki kabla mizinga haijapata kutengezwa. Kwa muda wa dakika chache kikosi kilivunjika, na Zelewski mwenyewe akauawa. Huyu ndiye aliyepandisha bendera ya kampuni ya Kidachi mjini Pangani mwezi wa Agosti 1888 na kumvunjia heshima liwali, jambo lililowasha vita vya Bushiri. Mtunzi gani angeuacha utamu wa kisasi kama hicho? Sisi hatukuuacha. Tulitunga hivi:

Wadachi wakaanguka
mia tatu kwa hakika
Lugalo ikatukuka
habari ikaenea.

Ubeti huu tuliusoma jioni moja mbele ya hadhara ya jirani zetu, na watu wakaupigia makofi. Mizani yake ni kamili na vina vyake havina ila. Baada ya kusoma, mzee mmoja wa hapa mtaani, ambaye babu yake mzaa mama alikuwa Mnyamwezi aliyechukua mizigo ya misafara ya Bagamoyo kabla ya kuvuka bahari kuja kuchuma karafuu, alituita kando. Alituuliza kwa upole: “Mwanangu, hao Wadachi mia tatu mizigo yao waliichukua wenyewe?”

Swali hilo lilitutia haya, kwa sababu jibu tulikuwa nalo. Tulikuwa tumekwisha kusoma kwamba Wazungu waliouawa Lugalo walikuwa kumi. Waliobaki katika idadi yetu, na wengine ambao hatukuwahesabu hata kidogo, walikuwa askari na wapagazi weusi. Tuliyajua hayo, tukayaficha kwa ajili ya kina. Kosa la kutojua husameheka upesi kuliko hili.

Na tuwatazame askari wale walikuwa nani. Wengine walikuwa Wasudani, walioandikishwa Misri. Wengine Wadachi wenyewe waliwaita “Wazulu”, ingawa wengi wao walikuwa Washangani walioandikishwa Msumbiji, upande wa Inhambane. Waliuchukua Uzulu kama mtu achukuavyo kanzu ya kuazima, kwa kuwa tangu Isandlwana, tarehe 22 Januari 1879, Wazulu walipoliangamiza jeshi la Waingereza, jina hilo lilikuwa likiuzwa ghali mbele ya Mzungu yeyote atafutaye askari. Wahehe nao mbinu zao za mkuki na ngao walijifunza kwa sehemu kubwa katika kupambana na Wangoni, ambao wazee wao walitoka kusini hukohuko na kuvuka Zambezi mwaka 1835. Basi Lugalo ilikutanisha jina la Uzulu upande mmoja na mbinu za Kinguni upande wa pili, na Mdachi katikati akilipa mishahara. Hapa pana utenzi mzima, wenye uchungu na wenye kicheko cha ajabu, nasi tuliupita tukikimbilia makofi.

Hata hiyo Isandlwana hutendewa vivyo hivyo. Vitabu vya Waingereza husimulia kwa kirefu maafa ya wanajeshi wao wekundu, lakini Waafrika wa Natal waliokufa upande wao siku ile, na walikuwa mamia, hutajwa mwishoni kama masazo. Tunapomhesabu mpagazi kuwa Mdachi tunafanya kosa lilelile kwa mlango mwingine.

Watunzi wa siku hizi husema kwamba wanamfuata Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mwenye Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, uliochapishwa mwaka 1955 kwa juhudi za J.W.T. Allen. Kumfuata ni jambo jema. Lakini Hemedi aliishi katika zama za vita vile, na watu aliowatungia waliyajua mambo yenyewe, angewadanganya wangemkatiza. Sisi tumeurithi mwendo wa bahari yake, hatukurithi wasikilizaji wake. Ndiyo maana ni bahati mtu kuwa na mzee wa Tibirinzi.

Mwenzetu mmoja ametuonya kwamba kuwataja wapagazi kutapunguza ushindi wa Mkwawa. Hatukubaliani naye. Mkwawa aliendelea kupigana baada ya ngome yake ya Kalenga kutekwa mwezi wa Oktoba 1894, akajiua tarehe 19 Julai 1898 asishikwe hai. Ushujaa wa namna hiyo hauhitaji maiti za kuongezewa.

Tumeufuta ubeti ule. Badala yake tumeandika:

Wazungu kumi idadi
waliobaki zaidi
ni weusi wa ahadi
mizigo wamechukua.

Tulipomsomea mzee, alisikiliza hadi mwisho. Alisema vina vinatosha, ila neno “ahadi” limemsumbua, kwani ahadi ya ujira ina watu wawili, naye angependa kujua ujira wa aliyekufa ulipelekwa kwa nani. Ubeti unaofuata bado hatujauandika.