Hesabu ya Betri kwa Usiku wa Ziwa Edward

Katwe, kando ya Ziwa Edward, imekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo usiku wake ni wa saa 12, Januari kama Julai. Mvuvi anayelala ziwani Edward akipiga hesabu ya umeme mara moja, inamfaa mwaka mzima. Kosa ni kuianzia dukani, kwa betri, badala ya kuianzia mtumbwini.

Tuchukue mtumbwi wa watu wawili. Taa ndogo ya wati 3, ya kuonekana na wenzao, inawaka saa 11: wati-saa 33. Taa kali ya wati 10, ya kutega na kuvuta nyavu, inawaka saa 3: 30. Kuchaji simu mbili, pamoja na umeme unaopotea njiani, weka 30. Jumla 93.

Sasa ipime betri ndogo ya pikipiki, volti 12, ampea-saa 7. Kwa karatasi ina wati-saa 84, nazo hazitoshi. Tena betri ya risasi ikishushwa chini ya nusu kila usiku hufa mapema, basi za kutumia ni 42 tu. Hata kazi yake si hii: imeundwa kusukuma injini kwa sekunde chache, si kulisha taa hadi alfajiri. Saa saba usiku mko gizani, na ziwa hili lina viboko wengi.

Inayofaa ni ya ampea-saa 18, iliyofungwa isimwage asidi mtumbwi ukiyumba. Nusu yake, kwa volti 12, ni wati-saa 108. Mwenye uwezo anunue ya lithiamu, ampea-saa 12. Ni ghali, lakini hutumika hadi asilimia 80 bila kudhurika, na ni nyepesi kuibeba nchi kavu asubuhi. Mimi ningejinyima nipate hiyo.

Paneli ya wati 40 huirudishia chaji siku ya jua zuri. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mawingu ni mengi. Wati 60 ni salama zaidi.

Ifungeni betri chini, katikati ya mtumbwi, ndani ya sanduku la plastiki. Wekeni fyuzi karibu na ncha ya chanya. Chaji ikipungua, zimeni taa kali kwanza. Simu ibaki na moto, maana ndiyo ya kuitia msaada. Na kabla ya kupanda gari kwenda Kasese kununua, andikeni taa zenu na saa zake.