Telefoto kwenye filamu ya 120: ahadi tatu, kamera tatu

Kuna ushauri unaozunguka sana siku hizi kati ya vijana wanaopenda kupiga picha kwa filamu. Unasema hivi: achana na filamu ndogo ya milimita 35, tafuta kamera ya mtumba inayotumia filamu ya 120, ile inayoitwa fomati ya kati, ifungie lenzi ya telefoto ya milimita 180, halafu uone maajabu. Ushauri huu hubeba ahadi tatu. Kwanza, utavuta vitu vya mbali. Pili, nyuma ya uso wa mtu kutafifia kuliko kamera ndogo inavyoweza. Tatu, picha itakuwa na maelezo mengi hata ukiikuza iwe kubwa kama bango.

Ukizipima kwa fizikia ya kidato cha nne tu, ahadi ya kwanza inaanguka, ya pili inategemea lenzi ipi, na ya tatu ni kweli ila ina sharti ambalo wauzaji hawalitaji. Tofauti hii ina uzito. Mwanafunzi anaweza kujinyima miezi kadhaa, akanunua mtambo wa karibu kilo tatu, kisha akagundua kwamba alichokitaka kingepatikana kwa lenzi ya bei ndogo kwenye kamera ambayo tayari anayo.

Tuanze na vipimo. Fremu ya filamu ya milimita 35 ni milimita 24 kwa 36. Filamu ya 120 ina upana wa kama sentimita 6, na urefu wa fremu unategemea kamera. Fremu ya 6×6 ni takribani milimita 56 kwa 56, na roli moja inatoa picha 12. Fremu ya 6×7 ni takribani milimita 56 kwa 70, picha 10 kwa roli. Kwa eneo, 6×6 inaizidi filamu ndogo mara 3.6 na 6×7 inaizidi mara 4.5. Shika namba hizo, tutazirudia.

Ahadi ya kwanza: kuvuta vya mbali

Chukua mwezi. Tukiutazama kutoka hapa duniani, upana wake ni kama nusu digrii. Lenzi ya milimita 180 inauchora juu ya filamu ukiwa na upana wa milimita 1.6 hivi. Sasa toa filamu ndogo, weka filamu kubwa, lenzi ibaki ileile. Mwezi utakuwa na upana gani? Milimita 1.6 vilevile! Ukubwa wa umbo juu ya filamu unaamuliwa na urefu wa fokasi ya lenzi na umbali wa kitu, basi. Filamu kubwa inachoongeza ni anga tupu kuzunguka mwezi.

Ndiyo maana lenzi ya 180 kwenye 6×6 inaona eneo linalokaribiana na lile la lenzi ya milimita 98 kwenye filamu ndogo. Kwenye 6×7 inakuwa kama 87. Kwa lugha ya studio, hiyo ni lenzi ya kupigia sura ya mtu. Ndege mwenye urefu wa sentimita 30 akiwa mita 30 kutoka kwako atachukua milimita 1.8 tu ya fremu yenye milimita 56. Utapata picha safi ya mti. Na ukitaka fomati ya kati ikupe mwonekano wa lenzi ya 300 ya kamera ndogo, utahitaji lenzi ya karibu milimita 550, ambayo bei yake na uzito wake ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo kama lengo lako ni ndege, wanyama au mpira uwanjani, okoa pesa zako. Fomati ya kati siyo njia.

Ahadi ya pili: kufifisha nyuma

Hapa watu wengi husema kwamba filamu kubwa "ina mwonekano wake". Tuupime. Ukipiga picha mbili zenye mpangilio uleule kutoka sehemu ileile, kinachoamua nyuma kufifie kiasi gani ni upana halisi wa tundu linalopitisha mwanga. Unaupata kwa kugawa urefu wa fokasi kwa namba ya f.

Lenzi ya Mamiya RB67 ya 180 mm f/4.5: 180 gawanya kwa 4.5 ni milimita 40. Lenzi ya kawaida ya 85 mm f/1.8 ya kamera ndogo, ambayo karibu kila kampuni imewahi kuitengeneza: 85 gawanya kwa 1.8 ni milimita 47. Umeona? Ile ndogo ndiyo inayofifisha zaidi, na eneo inaloliona ni karibu sawa. Anayekuambia RB67 inafifisha nyuma kuliko kamera yoyote ndogo hajapiga hesabu.

Lakini kuna lenzi inayoitetea ahadi hii. Ni Sonnar 180 mm f/2.8 ya Carl Zeiss Jena, iliyotengenezwa Ujerumani Mashariki kwa ajili ya Pentacon Six. Ukoo wake unaanzia kwenye Olympia Sonnar ya 1936, mwaka wa Olimpiki ya Berlin. Tundu lake ni milimita 64. Kwa filamu ndogo, hiyo ni sawa na lenzi ya 98 mm yenye f/1.5, kitu ambacho hukikuti kwa bei ya kawaida. Bei ya kuipata nayo inalipwa kwenye fokasi: mtu akiwa mita 3 mbele yako, kwa f/2.8 una kina cha kama sentimita 8 tu cha kuchezea. Akiinama kidogo, macho yamekwisha toka kwenye fokasi.

Na jua letu la mchana linaharibu hesabu hizi zote. Kwa filamu ya ISO 100 juani, kanuni ya kawaida ni f/16 kwa sekunde 1/100 hivi. RB67 inaishia 1/400, kwa hiyo tundu linakomea f/8. Ile f/4.5 uliyoilipia huwezi kuigusa saa saba mchana bila filta ya kupunguza mwanga. Subiri kivuli au jioni.

Ahadi ya tatu: maelezo

Hii ndiyo ya kweli, na kwangu ndiyo sababu pekee ya kuingia gharama. Ukitaka picha ya mraba ya sentimita 30, negativu ya 6×6 unaikuza mara 5.4. Fremu ya filamu ndogo, ukiikata iwe mraba wa milimita 24, unaikuza mara 12.5. Chembe za filamu zinakuzwa kwa kiasi hichohicho, na vumbi, na mikwaruzo. Ngozi ya mtu inatoka laini, mabadiliko kutoka mwanga hadi kivuli hayakatiki ghafla. Hakuna uchawi, ni eneo tu.

Sharti lake ni utulivu. Kamera ikizunguka digrii 0.01 tu wakati shata iko wazi, lenzi ya 180 inageuza nukta kuwa mstari wa kama milimita 0.03. Ukikuza mara 5.4, mstari unafika milimita 0.17, na jicho linauona. Yaani ile faida ya eneo uliyoinunua kwa shida inaliwa na mtikisiko usioweza hata kuuhisi mkononi. Hivyo swali la kumuuliza muuzaji ni hili: lenzi hii ikiwa mbele, mwili wa kamera unatulia kiasi gani?

Tuzipime kamera tatu kwa swali hilo. Zote ni za kimakanika, mwili wake hauhitaji betri, na kwa kawaida zinauzwa chini ya Hasselblad.

Pentacon Six na ndugu yake Kiev 60

Pentacon Six ilitoka 1966, ikirithi Praktisix ya 1956. Kiev 60, ya kiwanda cha Arsenal mjini Kyiv, inapokea lenzi zilezile. Kwa hiyo Sonnar ndiyo sababu ya kuzitaka. Ila lenzi hii imepewa nyumba isiyolingana nayo. Ndani ya Pentacon Six kuna kioo kikubwa kinachoruka juu kila unapobonyeza, na kiwandani haikupewa njia ya kukiinua mapema. Kwa kasi za pole, kama 1/15, pigo hilo linaingia kwenye picha hata kamera ikiwa juu ya miguu mitatu. Shata yake ni ya pazia, na flashi inafuatana nayo mwisho 1/25 tu, kwa hiyo kujazia mwanga usoni wakati wa jua kali ni ndoto. Tena ina sifa ya picha kupandana kwenye roli, hasa filamu isipokazwa vizuri wakati wa kuipakia au mkono wa kuvutia ukiachiwa urudi wenyewe kwa nguvu.

Uamuzi wangu: lenzi bora kuliko zote hapa, kamera dhaifu kuliko zote hapa. Inunue kama ni tundu la milimita 64 unalolitaka kwa dhati, na utumie 1/250 kwenda juu.

Mamiya RB67

Ya 1970, ya 6×7. RB inatokana na mgongo wake unaozunguka: unageuza mgongo badala ya kulaza kamera nzima. Shata iko ndani ya lenzi, hivyo flashi inafanya kazi kwa kasi zote. Kioo chake ni kikubwa zaidi, lakini hapa mhandisi alifikiri: kuna kitufe cha kuzungusha kwenye lenzi, na ukitumia waya wa kubonyezea, kioo kinaruka kwanza, unasubiri mtambo utulie, ndipo shata inafunguka. Kwa sharti letu la utulivu, hicho ndicho kifaa.

Inatafuta fokasi kwa mvukuto unaosogea hadi milimita 46, kwa hiyo lenzi ya 180 inakusogeza karibu mpaka robo ya ukubwa halisi wa kitu. Ila kumbuka kuongeza mwanga: katika hali hiyo filamu inapokea kama theluthi mbili ya stopu pungufu, na kipima mwanga cha mkononi hakijui hilo. Kasoro ni uzito. Ni kamera ya studio. Ukipanga kuipandisha nayo daladala kila Jumamosi, fikiria mabega yako. Na roli inatoa picha 10 tu.

Mamiya C330

Ya 1969, ya lenzi mbili: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Kamera nyingi za aina hii, kama Yashica-Mat, zina lenzi zisizobadilika. Mamiya alifanya jozi nzima itoke, na kuna jozi ya 180 mm f/4.5. Kioo chake hakisogei kabisa. Shata ni ya ndani ya lenzi, inafika 1/500, flashi kwa kasi zote, picha 12 kwa roli.

Adhabu ni mbili. Lenzi ya juu na ya chini hazioni mahali pamoja, hivyo ukisogea karibu unaweza kukata kichwa cha mtu. Alama ndani ya kitazamio inakuonya, na kipo kifaa kiitwacho Paramender cha kuinua kamera juu ya miguu mitatu. Pili, tundu liko kwenye lenzi ya chini peke yake, kwa hiyo huwezi kuona kabla ya kupiga nyuma kutafifia kiasi gani. Unakisia, au unasoma jedwali.

Basi ipi?

Kwa mwanafunzi mwenye bajeti ndogo anayetaka sura za watu nje ya studio, mimi ningechukua C330 au mdogo wake C220, na jozi ya 180. Siyo kwa sababu lenzi yake ni kali kuliko Sonnar. Ni kwa sababu haijitikisi, na katika 1/60 juu ya miguu mitatu utapata maelezo mengi kuliko Sonnar iliyopigwa na kioo chake. Mwenye chumba cha kupigia picha na mahali pa kuacha mtambo achukue RB67.

Kabla hujatoa hela, fanya mambo manne. Weka shata kwenye sekunde 1 na usikilize: ikisita, kuna kazi ya fundi. Mulika tochi kupitia lenzi ukitafuta nyuzi za kuvu, hasa kama kamera imeishi mahali penye unyevu kama pwani. Ingiza tochi ndani ya mvukuto gizani uone kama kuna vitundu. Mwisho, omba roli moja ya majaribio, na usikubali maneno "ilikuwa inafanya kazi".

Halafu piga hesabu ya roli, kwa sababu kamera unainunua mara moja na filamu kila mwezi. Chukua bei ya roli unayoweza kuipata, ongeza gharama ya kuisafisha na kuiskani, gawanya kwa 12 au kwa 10. Jibu hilo likikufanya usite kila unapotaka kubonyeza, hutapiga picha, utabaki na pambo la kabatini. Hapo ile lenzi ya 85 kwenye kamera ndogo, yenye picha 36 kwa roli, ndiyo chaguo la kisayansi zaidi.