Kikombe cha Held na Mmweko wa Kalsiamu

Kwa kawaida neuroni mbili za ubongo hazigusani. Kati yake pana ufa mwembamba mno, nao ujumbe huuvuka kwa kemikali: umeme ukifika kwenye ncha ya neuroni ya kwanza, milango hufunguka, kalsiamu huingia, na vifuko vidogo humwaga kemikali yake ufani. Bernard Katz na wenzake walishaonyesha hivyo katika karne iliyopita. Lililobaki kitendawili ni kiasi: kalsiamu kiasi gani inatosha kukimwaga kifuko? Ncha ya kawaida ina upana wa mikromita 1 hivi. Utaibandika wapi pipeti ya kupimia?

Njia ya kusikia ndiyo iliyotoa pa kubandika. Mwaka 1893 Mjerumani Hans Held alieleza ncha kubwa ajabu kwenye shina la ubongo, inayoishika seli ya mbele yake kama kiganja kilichofumbata embe; ndiyo inayoitwa kikombe cha Held. Ukubwa huo una kazi. Ili tujue sauti imetoka upande gani, ubongo hulinganisha masikio mawili, na tofauti ya muda kati yake haifiki hata milisekunde 1. Ujumbe wa sikio moja huvuka kwenda upande wa pili, hupita katika kikombe hiki, kisha seli inayoupokea huugeuza kuwa zuio. Ukichelewa njiani, ulinganisho umeharibika. Ndiyo maana kikombe kimoja kina mamia ya sehemu za kumwagia kemikali yake, glutamati.

Mwaka 1994 Ian Forsythe alifanikiwa kupima umeme ndani ya kikombe chenyewe, katika kipande cha ubongo wa panya. Mwaka uliofuata Borst, Helmchen na Sakmann wakapima pande zote mbili kwa pamoja.

Hata hivyo tatizo lilikuwapo bado. Mlango unapofunguka, kalsiamu hurundikana mdomoni pake na kupungua ghafla hatua chache mbele. Kipimo cha kikombe kizima hutoa wastani, wala hakisemi kifuko kilicho jirani na mlango kimeona nini. Mwaka 2000 timu mbili za Ujerumani, Schneggenburger na Neher upande mmoja, Bollmann, Sakmann na Borst upande mwingine, ziliamua kutoitumia milango kabisa. Walikijaza kikombe, kupitia pipeti, kemikali iliyoifunga kalsiamu, pamoja na rangi inayobadilisha mng'ao kadiri kalsiamu inavyopanda. Kisha wakapiga mmweko wa urujuanimno. Kifungo kikavunjika, kalsiamu ikapanda kila mahali kwa usawa, na sasa kilichosomwa na rangi kilikuwa kilekile kilichoonwa na vifuko. Umeme wa seli ya pili uliwaeleza vimemwagika vingapi. Katika kisa hiki chote, hatua hii ndiyo inayonivutia kuliko zote.

Mikromola 10 hivi za kalsiamu zilitosha kumwaga sehemu kubwa ya vifuko vilivyo tayari ndani ya milisekunde chache. Makadirio ya awali kutoka sinapsi (maungano ya neuroni) nyingine yalifika 100 na zaidi.

Jambo moja lisisahaulike: panya hao walikuwa wachanga, wa siku 8 hadi 10, na panya huanza kusikia karibu na siku ya 12. Kikombe kinapokomaa, vifuko na milango husogeleana zaidi, na umwagaji huwa wa haraka kuliko ule uliopimwa siku zile.